Fomu ya Nafasi Mbili, na Jina Langu Juu Yake

Alhamisi, baada ya alasiri. Joto la kunata. Mawingu yamekaa upande wa vilima vya Shimba tangu asubuhi, kama mgeni asiyetaka kusema shida iliyomleta.

Shajara, leo nimekataa.

Neno hilo nimeliandika nikalifuta mara mbili kabla ya kuliacha lisimame. Wanaonijua watacheka. Mimi ndiye yule anayerudi kutoka stendi kuangalia kama alifunga mlango. Ndiye anayeandika "Shikamoo, naomba ruhusa" na kuusoma ujumbe mara tano kabla ya kuutuma. Blogu hii ina wasomaji tisa, na nadhani watatu kati yao ni mimi mwenyewe kwa simu tofauti. Ndiyo maana hapa huwa nathubutu.

Nianze mwanzo.

Mimi ni karani katika chuo kidogo cha upishi na huduma za hoteli hapa Ukunda, orofa ya juu, juu ya duka la vyombo. Wanafunzi wetu wengi ni wasichana wa vijijini, na wakihitimu hutafuta kazi katika hoteli za Diani na Galu. Ninafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Huu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi. Mama kule Waa ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake "ni wa ofisini", kwa hiyo nikifukuzwa nitakuwa nimefukuzwa mbele ya mtaa mzima.

Mkurugenzi wangu sitamtaja jina. Si kwa kumheshimu sana, ni kwa uangalifu tu.

Jumatatu aliniita ofisini kwake. Akaniambia tovuti yetu inatembelewa na watu wengi lakini hawaachi alama yoyote. "Wanakuja, wanachungulia, wanakwenda zao," alisema. "Mimi nataka kila anayechungulia aache nambari ya simu. Weka fomu. Namna ya kuiweka chagua wewe, si ndiwe msomi?"

Nilifurahi! Nakiri. Nilitoka mle nikiwa nimeinua shingo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nichague kitu pale chuoni, hata rangi ya mapazia.

Nikafanya utafiti kama mtu anayejiandalia mtihani. Nilipata njia tatu. Ya kwanza ni dirisha linaloruka mbele ya uso wa mtu mara tu anapofungua ukurasa, na halimwachii asome kitu mpaka ajaze. Ya pili ni fomu inayokaa chini kabisa, baada ya maelezo ya masomo na karo, imsubiri mtu amalize kusoma. Ya tatu ni kuacha nambari ya chuo tu, anayetaka apige.

Kevo ndiye aliyetutengenezea tovuti. Ametoka bara, anaishi Ukunda mwaka wa nne sasa, na Kiswahili chake kinaruka kama mbuzi. Nilimuuliza.

"Riz, weka hiyo ya kuruka. Mtu akifungua tu, paap! Nambari kwanza. Hiyo ndiyo inashika watu."

"Na asipotaka kutoa?"

"Si ajitoe? Lakini hatatoka. Anataka kujua karo. Tumemfungia karo ndani, ama?"

Nilifanya jambo ambalo Kevo alilicheka. Niliichukua simu ya zamani ya shangazi, ile yenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni, nikafungua tovuti yetu ya majaribio kwa simu hiyo. Dirisha likaruka. Likajaa kioo chote. Alama ya kulifunga ilikuwa imezama nje ya kioo, haifikiki. Nikakaa nikilitazama, nalo likinitazama.

Nyumbani kwetu mtu akibisha hodi anakaribishwa. Anakaa, anapewa maji, anaulizwa habari za watu wake mmoja mmoja hadi wa kuku. Ndipo shida inapotajwa. Hata mdai hupewa kiti kwanza. Hapa sisi tunamkamata mtu mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, tunamwambia: nambari yako!

Nikaichagua ya pili. Ya chini, inayosubiri.

Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimeandika leo kuhusu joto.

Jana Mkurugenzi aliniletea karatasi ya mambo anayotaka yaulizwe. Nafasi kumi na moja za kujaza. Jina kamili. Nambari ya kitambulisho. Umri. Kijiji. Darasa uliloishia. Simu yako. Simu ya mzazi. Umeolewa au hujaolewa. Una watoto wangapi. Una ugonjwa wowote. Una pasipoti. Na chini kabisa kisanduku chenye maneno haya: "Nakubali chuo na washirika wake wanipigie." Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: kiwe kimeshawekwa tiki.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Pasipoti ni ya nini, Bwana? Sisi tunafundisha kupika."

Akacheka, hata si kwa ubaya. "Riziki, wewe weka visanduku. Maswali waachie wenye chuo."

Nilijua pasipoti ni ya nini. Na washirika niliwajua. Ni mshirika mmoja tu, wakala wa kupeleka wasichana kazi za ndani ng'ambo. Nilimjua kwa sababu mwaka jana nilimpelekea majina kwa vidole vyangu mwenyewe.

Hili sijawahi kuliandika popote.

Mwaka jana chuo kilinituma Kikoneni siku ya soko. Meza moja, mwavuli mmoja, daftari kubwa la mistari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wasichana wanaotaka kusoma, na nambari za simu. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja wao nitamwita Mejumaa. Si jina lake. Jina lake lilishatumiwa vya kutosha.

Mejumaa alikuwa amebeba ndoo ya mahamri ya kuuza, na aliyaeleza mahamri yale kama mhandisi anavyoeleza daraja: unga umekandwa saa ngapi, umeumuka wapi, kwa nini iliki ya kusaga dukani haifai. Alitaka kusomea uokaji. Simu hakuwa nayo. Akanipa ya mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye kwao ndiye mwenye neno. Kabla sijaandika tarakimu ya kwanza akaishika kalamu yangu.

"Dada, nikiandika hapa, ni nani atakayepiga?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Nilikuwa nasema kweli. Niliporudi, Mkurugenzi akaniambia nilipige chapa daftari lote nilitume kwa anwani aliyonipa. Sikuuliza ni ya nani. Niliogopa kuonekana mwenye maswali. Nikatuma.

Wiki mbili baadaye simu ya ofisini ililia nikaipokea mimi. Alikuwa yule mjomba wa Mejumaa, mzee wa sauti ya taratibu, kila neno limekaa mahali pake. Alinisalimu, akauliza habari za kazi, ndipo akasema.

"Mwanangu, jana tulikuwa na wageni nyumbani. Wageni wa posa, wamekuja kwa ajili ya dada yake Mejumaa. Simu yangu ikalia. Mimi masikio yangu ni ya uzee, simu yangu ina sauti kubwa, kila mtu aliisikia. Mwanamume hakutoa salamu. Hakusema yeye ni nani. Alimtaja binti yetu kwa jina, akauliza kama ameolewa, kama ana afya, kama ana pasipoti. Mbele ya wageni. Wale watu wakaniuliza, 'Huyu binti wenu anatafutwa na nani?'"

Nilisema pole. Nadhani nilisema pole.

"Nambari hii Mejumaa hakuitoa popote ila kwa chuo chenu," alisema. "Sasa naomba kujua. Kama ndiwe uliyeiandika, jina lako nani?"

Nikakata simu.

Ndivyo nilivyofanya. Mzee ambaye ni rika la baba yangu aliniuliza jina langu kwa adabu, nami nikakata simu, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka mwalimu wa mapishi aliponigongea mlango. Baadaye ndipo nilipojua anwani ile ilikuwa ya wakala.

Mejumaa hakuja kusoma. Kila muhula nilikuwa nalitafuta jina lake katika orodha, ingawa orodha niliiandika mimi.

Kwa hiyo jana, karatasi ya nafasi kumi na moja mkononi, sikuona visanduku. Niliona sebule yenye wageni, na simu inalia.

Leo asubuhi nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nikaifungua tovuti nikaiweka fomu yangu. Chini ya ukurasa, baada ya masomo, baada ya karo iliyoandikwa wazi ambayo mtu yeyote anaiona bila kuacha chochote. Nafasi mbili tu: jina unalopenda kuitwa, na nambari ya simu. Kando ya nambari niliongeza mstari mdogo: "Kama simu si yako, tuambie ni ya nani na tupige saa ngapi." Kevo aliniambia fomu za watu wengine hukataa nambari ikirudiwa. Nikamwomba hiyo aiondoe. Kuna nyumba ambazo simu moja ni ya wasichana wanne, na wote wanne wana haki ya kutaka kujua karo.

Kisanduku cha washirika sikukiweka. Si chenye tiki, si kisicho na tiki.

Kisha nikakaa nikaitazama ile fomu muda mrefu. Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na mtu. Nikaandika juu yake:

"Atakayekupigia ni Riziki, karani wa chuo. Atajitambulisha kwanza. Nambari yako haitapewa mtu mwingine."

Mimi sipendi hata kuandika jina langu juu ya sufuria ninapopeleka harusini, licha ya kwamba kila mwaka sufuria zangu hupotea. Nikabonyeza. Likakaa.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo hufanywa na makarani peke yao. Niliandika barua rasmi. "Kwa maagizo ya Mkurugenzi, nimetakiwa kuweka fomu yenye nafasi kumi na moja, zikiwemo hali ya ndoa, maradhi na pasipoti, na kisanduku cha ridhaa kikiwa kimewekwa alama na chuo kwa niaba ya mwombaji. Majina yatakabidhiwa kwa wakala wa ajira za nje." Tarehe. Mstari wa sahihi. Nakala moja ya faili, moja yake, moja yangu.

Saa nane aliniita. Alikuwa ameshaiona tovuti.

"Riziki, ni nini hiki? Nafasi mbili? Hii ni fomu au ni salamu?"

"Ni fomu, Bwana."

"Nani aliyekuambia uchague?"

"Ni wewe, Bwana. Jumatatu. Ulisema nichague."

Wallahi sikukusudia ujeuri. Lilitoka hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mhasibu, aliyekuwa anapita na birika la chai, alisimama mlangoni kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mkurugenzi akavua miwani. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

"Basi unajua."

Nilijua. Nilimwona Mama, niliwaona majirani. Hapo ndipo nilipoiweka barua mezani, nikaigeuza imwelekee yeye, na kalamu juu yake.

"Nimeyaandika maagizo yako yote, Bwana, sikuacha hata moja. Sheria inataka mtu aambiwe nambari yake inakwenda kwa nani, na alama ya kukubali aiweke mwenyewe. Kama chuo kimeamua vinginevyo, tia sahihi hapa. Kabla ya saa kumi nafasi zote kumi na moja zitakuwa juu. Lakini jina langu nitalitoa, na hapo liandikwe lako."

"Umekuwa wakili siku hizi?"

"La, Bwana. Karani. Ndiyo maana naomba sahihi."

Aliichukua kalamu. Akasoma. Alipofika kwenye neno "maradhi" midomo yake ilikuwa ikisoma kimyakimya. Akasoma tena mstari wa wakala. Kalamu ikashuka mpaka karibu ya karatasi, ikabaki hewani, ikarudi mezani.

"Acha hapa," alisema. "Nitaiangalia."

"Nakala yako ni hiyo hapo. Ya faili nimeshaiweka."

Nilitoka. Nilipita karibu na mhasibu, akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, "Mtoto wa Waa, leo umekula nini?" Nilikuwa nahesabu hatua hadi kwenye kiti changu.

Sijashinda, Shajara. Nisijidanganye. Anaweza kumtafuta mtu mwingine aliweke lile dirisha. Saa tisa Kevo alinitumia ujumbe: "Riz umefanya nini?? Mzee amenipigia anataka ya kuruka. Nimemwambia hiyo kitu inahitaji siku kadhaa kutengenezwa. Inahitaji dakika tano. Una hadi Jumatatu." Kisha mwingine: "Nina dada mdogo. Usiniulize."

Sikumuuliza.

Lakini hata kama Jumatatu nitaambiwa nifungashe, kulikuwa na simu moja ambayo nilipaswa kuipiga mwaka mzima uliopita. Nambari sikuhitaji kuitafuta. Kuna nambari ambazo mtu huzijua kwa sababu anazipenda, na nyingine huzijua kwa sababu zinamdai.

Nikangoja alasiri ipite, mzee awe ametoka msikitini. Nikapanda na simu ya ofisi hadi kwenye dari ya wazi juu ya jengo, penye kamba za kuanikia vitambaa vya jikoni. Nikapiga.

"Naam."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Riziki. Ni karani wa chuo cha upishi, Ukunda. Ni mimi niliyeandika nambari yako Kikoneni, na ni mimi niliyeituma kwa yule mtu. Uliponiuliza jina nilikata simu. Nimepiga kukupa jibu."

Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali.

"Umechukua muda," alisema.

"Nimechukua muda, mjomba."

"Ile posa ilitengenea. Walirudi. Walikula, wakataka na cha kufungiwa." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini Mejumaa nilimzuia kuja huko kwenu. Nami sikukosea."

"Hukukosea."

Nikamweleza yote ya leo: fomu, nafasi mbili, barua, kalamu iliyobaki hewani. Sikuomba kitu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akauliza swali moja tu, kama jina langu kule kwenye fomu nimeliandika kwa herufi kubwa au ndogo. Nikamwambia za kawaida. Akasema vyema.

"Mejumaa sasa yuko Msambweni, anauza mahamri, na simu anayo yake mwenyewe," alisema. "Sitakupa nambari yake."

"Sikuiomba, mjomba."

"Najua. Ndiyo maana ningali nazungumza nawe. Hii unayopigia ni ya ofisi au yako?"

"Ya ofisi."

"Basi nipe yako. Nitampa yeye. Akitaka atakupigia, asipotaka hatakupigia."

Nikaanza kuitaja, tarakimu moja moja, naye akizirudia taratibu. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, na nilipofika katikati nikaacha. Sikuwa nimewahi kusimama upande huo wa meza. Nambari yangu ilikuwa inaingia katika karatasi nisiyoiona, mkononi mwa mtu nisiyemjua sura, katika nyumba ambayo sijawahi kuingia.

"Mjomba," nikasema, "ni nani atakayepiga?"

Kalamu yake ikaacha kukwaruza. Nadhani alijua swali hilo lilitoka wapi.

"Ni Mejumaa," alisema. "Peke yake. Endelea."

Nikamalizia tarakimu zilizobaki.